Kutwanga kisamvu kwenye kinu bila kurusha majani ukutani

Jumamosi wifi yangu alinipigia simu ya video. Kinu kiko katikati ya miguu, ukuta wa jikoni umejaa madoadoa ya kijani. "Wifi, nimetwanga saa nzima, bado kina nyuzinyuzi!" Nilicheka, kisha nikajikumbuka: mara yangu ya kwanza nilianza adhuhuri, alasiri ikanikuta bado natwanga, na tulichokula usiku ule ni majani yaliyochanikachanika. Nilivyomwelekeza ndivyo ninavyoandika hapa.

Vifaa

Kinu cha mbao chenye kina na mchi mzito. Kile kidogo cha kutwangia iliki hakifai, konzi mbili tu kimejaa. Blenda usiniletee: inataka maji, na kisamvu kinageuka uji. Kilichosagwa kwa mashine sokoni nakila nikialikwa. Kama kinu ni kipya, twanga kwanza chicha ya nazi na chumvi ya mawe, mwaga, rudia mpaka chicha itoke haina unga wa mbao.

Hatua ya 1: Majani

Chukua yale laini ya juu, toa vikonyo vyote. Kama hujui mti ni wa muhogo mtamu au mchungu, muulize mwenye shamba kabla hujachuma.

Hatua ya 2: Nyausha

Osha, kung'uta, tandaza kwenye ungo kivulini mpaka yalegee. Wenzetu wa Kongo wanaopika sombe, ndicho kisamvu hiki hiki, wengi huyapitisha kwenye maji ya moto, nayo ni njia nzuri ukiwa na haraka, ila yachuje sawasawa.

Hatua ya 3: Kutwanga

Hapa ndipo wifi alipokwama, nami nilipopoteza siku yangu.

Anza na kitunguu saumu, punje sita au saba, pamoja na chumvi ya mawe kidogo. Vitwange mpaka viwe rojo linalonata chini ya kinu. Wengine huweka kitunguu mwishoni. Mimi nakiweka mwanzo kwa sababu majani yanapata pa kushikia na ile chumvi inayakwaruza.

Sasa weka konzi moja ya majani. Moja! Wifi alikuwa amejaza kinu mpaka mdomoni, mchi unadunda juu kama unapiga godoro, ya chini hayaguswi na ya juu yanarukia ukutani. Yakishavunjika na kushuka, ongeza konzi nyingine.

Mchi usiusukume. Uinue wima, uache uanguke kwa uzito wake, mkono uwe wa kuuongoza tu. Ukiukandamiza, bega litakuuma kabla jani halijasagika. Mkono ukichoka badilisha, au mwite mtu mpokezane. Kila baada ya muda kwangua kuta za kinu kwa mwiko, maana majani mazima hupenda kujibana huko. Yakianza kutoa maji, usimwage, ila punguza kishindo, ponda kwa kuzungusha mchi, la sivyo utavaa kisamvu.

Utajuaje kimeiva kinuni? Rangi peke yake itakudanganya, maana kinakuwa kijani kibichi mapema sana. Chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia kamba, endelea. Kikiwa kama donge laini linalogandia kwenye mchi unapouinua, basi.

Wa ghorofani, kunja gunia mara nne uweke chini ya kinu. Jirani yangu wa chini alishawahi kupanda kuuliza kama tunavunja nyumba. Aliondoka na bakuli, yakaisha.

Hatua ya 4: Chemsha, na usifupishe

Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Jani linapopondwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho, sumu inaachiliwa, na moto unaiondoa pamoja na mvuke. Kwa hiyo jani lililochanika tu halijatwangwa, na kisamvu kibichi hakionjwi. Weka maji mengi, acha sufuria wazi, chemsha saa nzima au zaidi, ukiongeza maji yakikauka. Magadi mimi siweki. Yanalainisha kweli, lakini yanaacha ladha ya sabuni.

Hatua ya 5: Unga

Tui jepesi kwanza, likikaukia tia tui zito na ukoroge taratibu lisikatike. Ukipenda karanga, zikaange, zimenye, uzitwange kwenye kinu kikavu *kabla* ya majani. Mimi nilifanya kinyume, zikalowa na kugandamana kinuni, nikazichokoa kwa kijiko.

Kinu baada ya kazi

Suuza kwa maji ya moto bila sabuni, futa, kifudikize kivulini. Kisilowekwe, wala kisianikwe juani. Changu nilikianika siku moja tu, kikapata ufa upande mmoja, na sasa kila nikimaliza kutwanga nauchokonoa kwa njiti ya kiberiti.