Imeili za "ofa inaisha leo" msizifute

Jamani zile imeili za maduka zinazokwambia "punguzo linaisha leo usiku", halafu kesho asubuhi inaingia nyingine "tumewaongezea siku moja", msizifute kwa hasira, zinaweza kuwa ushahidi. Hiyo ni janja ya kukuharakisha ununue kabla hujafikiria. Kwa mlioko Marekani, sheria ya imeili za biashara ya 2003, CAN-SPAM, inakataza kichwa cha imeili (subject) kinachodanganya, ila we mteja wa kawaida huwezi kushtaki mwenyewe kwa sheria hiyo, unaripoti FTC (tume ya serikali inayolinda wateja) basi. Jimbo la Washington ndo wako vizuri zaidi, sheria yao inamruhusu aliyetumiwa kudai fidia mwenyewe, na 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hata uongo kuhusu muda wa ofa kuisha, ukiwa kwenye kichwa cha imeili, unahesabika kuvunja sheria hiyo. Kwa hiyo tunza imeili yenyewe sio skrinshoti tu, maana orijino inabeba tarehe, saa na anwani ya mtumaji, na ile ya kesho yake iweke hapohapo pamoja. Ukishatunza ndo ubonyeze kujitoa, wana siku 10 za kazi kukuondoa kwenye listi, wakizidisha ripoti na hilo.