Kizunguzungu mazoezini: angalia kimekushika wakati gani

Wapiga baiskeli wenzangu wa Tanga, hasa mnaoelekea Raskazone jioni, hili linatuhusu. Kichwa kikizunguka au macho yakiingia kiza, jiulize kwanza: kimekuja ukiwa bado unakazana, au baada ya kusimama?

Baada ya kusimama ghafla, mara nyingi si la kutisha. Damu inabaki miguuni, presha inashuka. Usigande hapo hapo. Tembea taratibu dakika chache, kisha unywe maji. Joto letu la pwani linakamua jasho hata jua likiwa limeshazama.

Kikija ukiwa bado unakazana ni habari nyingine. Ukizimia, kifua kikibana, moyo ukienda ovyo, au kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, acha mazoezi mpaka upimwe moyo: umeme wake (ECG) na ultrasaundi. Valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyobana au msuli wa moyo ulionenepa unaweza kujificha kabisa ukipima presha tu, na presha ndiyo kila mtu anakimbilia kupima.

Kinachosahaulika sana ni upungufu wa damu: hedhi nzito, minyoo ya safura, malaria. Pima wingi wa damu (himoglobini). Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mwanaume, chini ya 13.

Na mnaomeza dawa za presha, hasa zile za kukojosha, mwambieni daktari kuhusu kizunguzungu hicho. Msiziache wenyewe.