Jinsi ya kuzoea Kinorwe cha watu wanaoenda "på tur"

Kama umefika Norwe karibuni na umeanza norskkurs, yaani kozi ya Kinorwe, darasani utafundishwa salamu, familia, kazi, kujaza fomu, yote mazuri, ila maneno ya matembezi yanapitiwa juu juu tu na huko nje ndo watu wanayatumia kutwa. Mnorwe katoka kazini anaenda tur, yaani matembezi, Jumapili tur, Pasaka tur, ana mawazo tur. Na kwenye basi hakusemeshi mtu, lakini mtu huyo huyo ukikutana naye njia ya msituni anakusalimia mwenyewe bila hata kukujua. Kwa hiyo ukiyashika haya maneno unapata na mahali pa kuongelea, na ndo mana nakushauri usiyakariri kama orodha, yafuate kwa mpangilio wa matembezi yenyewe, toka mwaliko mpaka mnaagana.

Tuanze na kitenzi maana hapa Waswahili wengi tunateleza. "Å gå", å ni kama o yetu ukiivuta kidogo, maana yake ni kwenda kwa miguu. Sisi tukisema naenda Bergen hatujali ni kwa treni au kwa ndege, wao wanajali, ukiwa Oslo ukasema "jeg går til Bergen" mtu ataelewa unavuka milima yote ile kwa mguu. Safari sema "jeg drar til Bergen" au "jeg reiser til Bergen". Alafu kuna kutembea kwetu kwa "nimeenda kutembea kwa shangazi", hiyo sio tur kabisa, hiyo ni "på besøk hos tante". Ukisema "jeg skal på tur" mwenzio anawaza viatu, begi na njia yenye matope.

Tur yenyewe ukiiunganisha na neno lingine mbele unapata aina ya matembezi, na hapa ndo utamu ulipo kwa sababu ukijua moja umejua kumi. Skogstur ni ya msituni, fjelltur ya mlimani, kveldstur ya jioni, søndagstur ya Jumapili, hyttetur ya kwenda kukaa kwenye nyumba ndogo ya mapumziko, skitur ya ski, trilletur ni ile ya mzazi na mtoto kwenye kigari, na rusletur ni ya mdogo mdogo tu, hamna haraka. Mkazo weka kwenye neno la mbele, SKOGStur, sio skogsTUR. Usishangae pia ukisikia "jeg skal en tur på butikken", huyo anaenda dukani mara moja, na "nå er det din tur" ni zamu yako sasa, kwenye karata au kwenye foleni, haihusiani na kutembea.

Mwaliko unakuja hivi, mara nyingi kazini mkiwa mnakula: "Vil du bli med på tur på søndag?", utakuja nasi matembezini Jumapili? Jibu "ja, gjerne!", ndiyo, kwa furaha, hiyo gj inatamkwa kama y. Kama huwezi usikatae kavu kavu, sema "dessverre, jeg kan ikke på søndag, kanskje en annen gang?", samahani Jumapili siwezi, labda siku nyingine, wataelewa unataka ila siku haifai. Alafu uliza bila aibu, hapa usinyamaze kabisa: "Hvor langt er det?" ni umbali gani, "er det bratt?" kuna mwinuko mkali, "hva må jeg ha med?" nije na nini. Nasisitiza kwa sababu wakikwambia "bare en liten tur" hiyo ndogo yao inaweza kuwa masaa matatu na kilima katikati, wenzetu wamezoea toka wako chekechea.

Watakwambia ulete "matpakke", mikate yako uliyofunga nyumbani, "termos" ya chai au kahawa, na "sitteunderlag", hiki ni kipande cha kukalia ili usilowe wala usipate baridi ukikaa kwenye jiwe. Pasaka utaona machungwa na chokoleti ya Kvikk Lunsj, iko sokoni toka 1937 na karibu kila begi la tur linayo. Mkikaa mtu anasema "nå skal vi kose oss", yaani sasa tule turelax tufurahi, na wewe ukikata kipande chako cha chokoleti ukamuuliza jirani "vil du ha en bit?" umeshaanza maongezi bila kutafuta mada.

Njiani salamu ni fupi, "hei", inasikika kama hai, au "hei hei", unatabasamu unapita. Kama mtu amesimama anaangalia mandhari unaweza kusema "så fint vær i dag!", hali ya hewa nzuri leo, au "for en utsikt!", mandhari ya ajabu hii. Ukichoka sema "jeg er litt sliten, skal vi ta en pause?" na ukitaka kujua kilichobaki, "er det langt igjen?" Kipindi cha barafu jifunze kwanza "pass på, det er glatt!", angalia panateleza, na "brodder", vile vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu. Mvua ikianza lazima utasikia "det finnes ikke dårlig vær, bare dårlige klær", hamna hali mbaya ya hewa ila nguo mbaya, na mtoto akinuna anaambiwa "ut på tur, aldri sur", wa matembezini hanuni. Zote mbili zina vina na ndo mana zinakaa kichwani haraka, zitamke kwa sauti ukiwa unatembea.

Kuna sentensi moja ya mlimani naiheshimu sana: "det er ingen skam å snu", si aibu kugeuka. Imo kwenye "fjellvettreglene", kanuni 9 za usalama mlimani ambazo Wanorwe wanafundishwa toka wadogo. Ukiona ukungu umeshuka au miguu imekataa, itamke hivyo hivyo, hakuna Mnorwe atakayekucheka. Na ujue alama ya T nyekundu kwenye mawe na miti, ni ya DNT, chama cha matembezi kilichoanza 1868, ukiifuata hupotei, kupotea ni "å gå seg vill". Neno lingine la kulijua ni "allemannsretten", haki ya kila mtu kupita porini na msituni hata kama ardhi ina mwenyewe, imewekwa kwenye sheria ya 1957, kwa hiyo huna haja ya kuomba ruhusa ila bustani na uwanja wa nyumba ya mtu usiingie. Moto pia, "bål", kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 15 Septemba hauruhusiwi kuwashwa ovyo msituni.

Pa kufanyia mazoezi, kama uko Oslo panda T-bane, treni ya mjini ya chini ya ardhi, namba 5 mpaka mwisho Sognsvann, ziwa lile kulizunguka ni kilomita 3 na kitu, tambarare, hata na kigari cha mtoto unapita. Nenda na mwenzio mkubaliane Kinorwe tu mpaka mmalize mzunguko. Kama uko Trondheim au kaskazini huko Tromsø ujiandae, "jeg", yaani mimi, utaisikia "æ", "æ ska på tur", na Bergen ni "eg", wewe endelea na ile ya darasani watakuelewa tu.

Ukitaka kwenda peke yako kupunga upepo sema "jeg må trekke litt frisk luft" au "jeg må strekke på beina", na anayebaki atakwambia "god tur!", matembezi mema, ile d haisikiki, ni kama "guu tuur". Mkimaliza ya pamoja unashukuru "takk for turen!", na siku mkikutana tena kazini, hata kama imepita wiki, unaanza na "takk for sist!", asante kwa mara ya mwisho tulipokuwa pamoja, alafu unaunganisha hapo hapo "skal vi ta en ny tur til helga?", twende tena matembezi wikendi?