Kabla Mtoto Hajawekewa Chuma Mwilini

Ukiambiwa mtoto wako atawekewa chuma mguuni au kifaa cha kuziba tundu la moyo, usiulize bei peke yake.

Mweleze daktari yote unayojua kuhusu ngozi yake. Kama vipuli vya bei rahisi vilimvimbisha masikio, au kifungo cha jinzi humwachia vipele chini ya kitovu, sema. Huenda ni mzio (aleji) wa madini ya nikeli, na nikeli imo kwenye chuma cha pua kinachotumika sana kuunga mifupa. Vifaa vingi vya kuziba tundu la moyo ni vya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli. Kwa chuma cha mfupa, uliza kama titani inafaa. Bei yake huwa juu, lakini uliza.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, taja pia kama baluni au glavu za mpira humletea shida. Watoto hawa hupata mzio wa mpira zaidi kuliko wengine.

Sasa la boksi la chuma, na hapa nisikilize vizuri. Mtoto wa dada yangu aligongwa na bodaboda Kayole. Babake akapewa karatasi ya vipimo, akaambiwa akanunue chuma mwenyewe dukani, mjini. Akakileta, akakikabidhi mlangoni pa chumba cha upasuaji, boksi likaishia kwenye pipa. Miezi ikapita, ngozi juu ya kovu ikaanza kutoa vipele vya maji. Mtoto alikuwa akijikuna kwa rula usiku. Wakatafuta maambukizi, hawakuyaona. Daktari akauliza: hiki ni chuma gani? Kimya. Risiti ilisema tu "chuma tundu 6, na skrubu". Faili nalo halikuwa na lolote. Mfupa ulikuwa umeshika, kwa hiyo kikatolewa na ngozi ikatulia, lakini swali la daktari halijajibiwa hadi leo. Basi boksi lipige picha kabla hujalitoa mkononi, na vile vibandiko vyenye namba na jina la madini, kimoja kiingie kwenye faili na kingine ubaki nacho.

Kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni hakihitajiki kwa kila mtoto. Vibandiko hivyo vya ngozi hukaa saa 48 bila mgongo kuloa, kisha unarudi tena kusomewa. Hata kikionyesha nikeli, si lazima chuma kimdhuru. Wengi wenye mzio huo huishi nacho bila shida.

Akishatoka hospitali, kidonda kikiwa chekundu, kina joto au kinatoa usaha, fikiria maambukizi kwanza na umrudishe. Usipitie kemisti kununua krimu ya kupunguza muwasho, itaficha dalili. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia naye hospitali saa hiyo hiyo.

Na usishinikize chuma kitolewe kabla mfupa haujashika. Na picha za eksirei usizikunje. Na mkihamia kaunti nyingine bebeni karatasi zote, hata zilizochakaa, na shuleni mwalimu aambiwe, na nyanya yake pia, maana ndiye atakayempaka mafuta ya mitishamba.