"Memori imejaa": ni memori ipi?

Juzi binamu yangu alinijia na kompyuta iliyokuwa nzito kupindukia. Tayari alishafuta mamia ya picha, maana aliambiwa "memori imejaa". Uzito uko palepale. Neno memori tumelibebesha vitu viwili, na picha zake zimepotea kwa sababu hiyo.

1. Tenganisha RAM na hifadhi

Fikiria umeme umekatika ghafla. Barua uliyokuwa unaandika bila kuiseva imeyeyuka: ilikuwa kwenye RAM, yaani memori ya muda inayoshika kazi inayoendelea. Picha za mwaka jana bado zipo: ziko kwenye hifadhi, yaani diski. Tangazo likisema "GB 8, GB 256", ile ndogo ndiyo RAM.

2. Angalia ipi imejaa

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame asilimia ya memori. Hiyo ni RAM. Ya binamu yangu ilisoma 93, na diski yake ilikuwa nusu tupu! Tulifunga vichupo vya kivinjari (nilihesabu 41), kompyuta ikapumua. Zile programu zinazojinadi kusafisha RAM mimi siziweki kwenye mashine yoyote. Nazo zinakula RAM hiyohiyo.

Ukikuta diski ya GB 256 inasoma 238, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows huihesabu kuwa 1,024 × 1,024 × 1,024.

3. Kama ni hifadhi, usifute kwanza

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima miaka kadhaa iliyopita. Nilijua picha zangu "ziko kwenye wingu", yaani kwenye kompyuta za watu wengine zinazofikiwa kwa intaneti. Basi nikazifuta zote kwenye simu. Nikafungua wingu: tupu.

Nilichokuwa nacho ni usawazishaji, si bekapu. Usawazishaji hufanya pande zote zifanane, kwa hiyo ukifuta huku, na kule panafutwa. Bekapu ni nakala inayobaki hata ya kwanza ikifutwa. Huduma nyingi huchanganya mambo haya mawili kwenye skrini moja, tena kwa maneno laini, kwa hiyo usiamini jina la kitufe. Jaribu: piga picha ya ukuta, subiri ipande kwenye wingu, ifute kwenye simu, kisha itafute kwenye kivinjari cha kifaa kingine. Ikiwa haipo, umejua.

Kwenye baadhi ya huduma kuna chaguo la kuondoa nakala za kwenye simu tu na kuacha za wingu. Hilo ni tofauti na kufuta, lakini lijaribu kwanza kwa picha ileile ya ukuta.

Ukishakosea, kimbilia pipa la taka kabla ya kugusa kitu kingine. Google Photos hubakiza picha zilizopandishwa kwa siku 60, iCloud siku 30. Mimi nilizikuta humo zote, nikazirudisha kwa mafungu hadi usiku wa manane. Ila kumbuka, kwenye simu pipa hilo lenyewe linakula hifadhi hadi ulimwage.

Siku hizi nanakili kwenye diski ya nje, naichomoa, naiweka kabatini. Kifaa kilichochomolewa hakisawazishwi na mtu.

4. Futa

Anza na video.