Sarafu za kale na unyevu wa Nairobi
Anayehifadhi sarafu za kale hapa Nairobi, ziwe za shaba za Kilwa au rupia ya fedha ya Mombasa ya mwaka 1888, aepuke kwanza mifuko laini ya plastiki ya PVC, kwa kuwa kadiri inavyochakaa hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani unaonata na hatimaye kuila metali yenyewe. Vifuko vya poliesta ni vikakamavu na hupasuka upesi, lakini ni salama zaidi. Wakati wa masika, weka jeli ya silika kisandukuni ifyonze unyevu. Za maonyesho zikae chini ya kioo, mbali na jua. Kuzisugua ili zing'ae, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulisifu mno, huondoa rangi ya ukale inayothaminiwa na wakusanyaji.