Kukagua Ubao Mkuukuu Kabla ya Kuundia Udi, Ala ya Muziki ya Nyuzi

Ubao uliong'olewa kwenye mlango mbovu wa Mji Mkongwe, uwe wa mvule au wa msaji, huwa umekauka kwa miaka mingi, lakini ukavu peke yake hautoshi. Kwanza pitisha sumaku juu yake, kwani msumari mmoja uliokatikia ndani huweza kuharibu meno ya msumeno. Kisha ushike kwa vidole viwili, takriban robo ya urefu wake kutoka nchani, uugonge kwa kifundo cha kidole: ubao mzima hulia na mlio wake hukawia kidogo, ilhali wenye ufa au mashimo ya dumuzi hutoa "pu" na kunyamaza.

Mbao za jahazi mimi huziogopa. Randa uso wake kidogo, uuguse kwa ncha ya ulimi, na ukihisi chumvi uuache, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wakati wa masika na hutia kutu nyuzi za madini.

Mvule utumie kwa mgongo na shingo. Uso wa udi huhitaji mti mwepesi, kama msonobari. Vaa barakoa unaporanda, maana vumbi la mvule huwasha mno.